Pastory Ruhaza, Mwigizaji Aliyeamka Kusalimia

Baba Padri, wazee wetu, wasanii na majirani wa hapa Ujiji, familia imetutuma tuwasomee maisha ya mpendwa wetu, nasi tunaomba mtuvumilie yakienda mbio, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kutulia.

Marehemu Pastory Adolf Ruhaza alizaliwa Mwandiga tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu wa Mzee Adolf na Mama Melania, akasoma shule ya msingi hapo hapo Mwandiga kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, na akiwa darasa la tano aliigiza maiti katika mchezo wa kipindupindu, ila alipomwona mgeni rasmi anaingia amechelewa, maiti ikaamka, ikaenda kumpa shikamoo, ikarudi kulala, mwalimu akamchapa, mgeni rasmi akacheka hadi machozi.

Alibeba magunia ya dagaa kwenye soko la Kibirizi, na mwaka 1994 akajiunga na kikundi cha maigizo cha Tumaini hapa Ujiji, kikundi kilichoigiza kwenye mikutano ya afya na sherehe za watu, kikialikwa leo na kusahauliwa kesho, jambo lililomkosesha usingizi, kwani shauku yake kubwa ilikuwa kwamba siku moja, badala ya yeye kutafuta kazi, kazi imtafute yeye.

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa na Winfrida, wakajaliwa watoto wawili, Elida na Nikodemu, na Mama Elida ni shahidi kwamba katika ndoa ile chakula kilipoa mara nyingi kuliko kilivyoliwa, maana mume alikumbuka mtu wa kusalimia akiwa na tonge mkononi.

Mwaka 2009 alicheza sehemu ndogo katika filamu ya ndugu Erasto, mwongozaji kutoka Dar es Salaam, kisha akaharibu, kwani Erasto alipofiwa na shangazi yake aliyeishi mtaa wa Mwanga, Pastory alikwenda msibani, akampa pole, na kabla hata hajakaa kwenye mkeka akamuuliza filamu nyingine inaanza lini, mfiwa akamtazama, akageuka, na kwa miaka mingi simu haikuita.

Aibu ile ilimbadilisha lakini haikumtuliza, akajiwekea utaratibu kwamba kazi ikiisha anarudi kushukuru, anakwenda kwa mshika kamera, kwa fundi wa sauti, kwa dereva, kwa mama aliyewapikia, anauliza hali ya mgonjwa, anapongeza aliyejifungua, na habari ya kazi haigusi kabisa, hata mtu akimdokezea nafasi isiyomfaa anamtaja mwenzake wa Tumaini, ingawa wapo waliomwita kiherehere na mtu wa kujipendekeza, maneno yaliyomuuma sana, ila asubuhi alikuwa njiani tena, na polepole wale wasaidizi wakawa wakubwa kazini, wakaanza kukiita kikundi cha Tumaini kwenye kazi zao.

Erasto naye alimfuata kila mwaka kule Mwanga, kwenye misa ya kumwombea yule shangazi, akakaa nyuma, akasali, akaondoka.

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa na kuruhusiwa mara kadhaa, akihangaika kitandani kama mtu anayechelewa gari, na mwezi Aprili mwaka huu Erasto akapiga simu mwenyewe, anamtaka kwa sehemu kubwa ya filamu mpya inayorekodiwa hapa ufukweni, naye akamwomba amchukue Onesmo wa Tumaini, akakata simu, akamgeukia mkewe, akasema: "Mama Elida, leo wamenitafuta wao." Mama Elida anasema siku ile alimaliza chakula chake chote.

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na imetuuma mno.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala hapa tangu juzi, kikundi cha Tumaini, pia ndugu Erasto na wenzake, ambao wamesimamisha filamu, wakamleta Onesmo akiwa bado na mavazi yake ya filamu, na tangu asubuhi wako nyuma ya nyumba wanachota maji na kupanga viti, na hakuna aliyetaja kazi.

Pastory, wageni wamefika wote, hata waliochelewa, na safari hii usiamke, tutawasalimia sisi. Pumzika kwa amani.