Zamu ya Kumlinda Taso

Vijiwe ni vingi Louisiana, lakini kijiwe cha duka la Verna, pale njia ya kanisani inapokutana na bayu, ule mkono wa mto wenye maji mazito, hakijawahi kushindwa hoja na mtu aliye hai. Ndipo palipokatwa shauri kwa nini vimbunga hupenda Jumapili. Ndipo palipothibitishwa kwamba mamba husikia Kifaransa vizuri ila hujifanya hajui. Benchi lenyewe limepigiliwa kwa mbao za gati lililosombwa na mafuriko, limepinda katikati kama punda mzee, na kila mwenye makalio ya kudumu ana shimo lake. Kahawa ni nyeusi tititi, Verna huimimina mwenyewe kwenye vikombe vidogo, na mtu akiomba maziwa huulizwa kama ametoka hospitali.

Asubuhi hiyo wa kwanza kuketi alikuwa Ovide Fuselier, fundi mashua mstaafu. Wenzake humwita Askofu, kwa sababu hakosi misa hata moja, na hakosi kusinzia ndani yake. Leo hakuwa na usingizi wa kusinzia. Macho yalikuwa mekundu, na kahawa ilikuwa inapoa mkononi.

Shida ilikuwa Taso. Taso ni mbwa wa madoadoa, jicho moja la kahawia na jingine jeupe kama kioo cha chupa. Baada ya mafuriko, akina mama wa kuokoa wanyama walimkuta juu ya paa la banda la kuku, wakamleta kwa Askofu “kwa muda tu.” Siku ya kwanza aliiba pande zima la nyama ya kukaushwa kwa moshi, ile iitwayo taso, na jina likapatikana lenyewe. Halafu akaanza kukohoa. Daktari Melanson akampima, akakuta moyo umejaa minyoo, ile inayoletwa na mbu, mirefu na myembamba kama tambi. Akamchoma sindano za kuiua. Sasa minyoo ilikuwa inakufa humo humo ndani, na ilibidi iyeyuke taratibu. Mbwa akikimbia, akiruka, hata akichangamka kupita kiasi, vipande vitakwenda kuziba mapafu, na Taso ataanguka asiinuke. Kwa hiyo kazi ni moja: akae ndani ya kizimba, atulie, mpaka daktari aseme basi.

Askofu alimwambia kila mtu kwamba mbwa si wake, anakaa naye tu. Lakini alikuwa ameburuta godoro lake mpaka jikoni, kando ya kizimba. Na kijiwe, kwa ukarimu wake unaojulikana mpaka wilaya ya pili, kikajitolea kumlinda mgonjwa kwa zamu.

Jana daktari alikuwa amemsikiliza Taso kifuani, akakunja uso.

— Mzee Fuselier, mbwa huyu hapumziki. Kuna nini nyumbani kwako?

— Hakuna kitu, daktari. Tunamlinda watu wanne.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Watu wanne, na bado moyo unakwenda mbio!

Mara akatokea Dudley Castille, yaani Redio. Huyu hulala na redio sikioni, na asubuhi humwaga yote yaliyoingia usiku, na mengine ambayo hayakuingia.

— Verna, nimiminie! Askofu, mbona umekaa kama umefiwa?

— Wewe! Zamu yako imeisha saa ngapi?

— Injinia kaja mapema, nimemwachia. Nisimnyime mwenzangu thawabu.

— Taso amekohoa?

— Kidogo tu. Nilikuwa namsomea taarifa ya habari. Ile ya bei ya kamba wa baharini ikamgusa.

— Redio! Daktari kasema mbwa awe kimya!

— Si alikuwa kimya? Mimi ndo nilikuwa naongea.

Verna akamimina, akatikisa kichwa. Redio akanywa funda moja, akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya serikali, ingawa alisikika mpaka kwenye pampu ya petroli.

— Sikieni. Mbu waliomuuma huyu mbwa si wa hapa. Wametoka Teksasi.

— Umeviona vibao vya namba vya magari yao?

— Cheka tu, Verna. Mbu wa Louisiana anakunywa damu, anashiba, anakwenda zake. Ana malezi. Hawa wanakunywa na kuacha mizigo! Wahenga walionya: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Methali hiyo inawasifu wageni, Dudley.

— Ndo hapo wahenga walipokosea.

Kabla Verna hajajibu, likaegeshwa pikapu lenye kishindo cha bati, akashuka Clovis Arceneaux. Huyu alitumia ujana wake wote kwenye visima vya mafuta baharini, akizihudumia pampu, na tangu hapo hakuna kitu duniani anachokiona ambacho si pampu. Ndiye Injinia.

Askofu alisimama nusu.

— Na Taso je?

— Kaa chini, kaka. Mjomba Teofil yupo. Nimemkabidhi mgonjwa akiwa katika hali nzuri kabisa. Nimempima mwenyewe.

— Umempima na nini?

— Spana. Nagonga kizimba, ta! Namtazama anavyoitikia. Anaitikia vizuri sana, kila nikigonga anaruka.

— Anaruka?

— Anaruka akiwa amekaa. Huko si kuruka rasmi.

Askofu akafunga macho. Alitaka kuinuka aende, lakini goti lake la kushoto lina mawazo yake, na Mjomba Teofil ni mtu mzima, mtulivu, wa kuaminika. Akaketi. Na ukweli, ambao asingeusema hata kwenye kitubio, ni kwamba kule jikoni hofu ilikuwa inamkaba, akimhesabia mbwa pumzi. Hapa benchini angalau palikuwa na wapumbavu wa kumsaidia kupumua.

— Tatizo la huyu daktari, Injinia akaendelea, hajawahi kufanya kazi na mabomba. Moyo ni pampu. Pampu ikiingia takataka, unaziua takataka? Unazisukuma nje! Mimi ningemning'iniza Taso miguu juu, kichwa chini, minyoo iteremke irudi tumboni, itoke kwa njia ya kawaida wanayotumia wananchi wote.

— Moyo na tumbo vimeunganishwa wapi? Verna akauliza.

— Kila kitu kimeunganishwa. Maji hufuata mkondo.

— Mkondo wenyewe umeuning'iniza miguu juu.

— Na bado hamjauliza kuna nini ndani ya sindano, Redio akadakia. Mimi nimesikia. Mle ndani mna aseniki. Ile ile! Sumu ya panya! Sumu ambayo wake za watu walikuwa wanawakorogea waume zao kwenye supu zamani. Dawa ya moto ni moto, sawa, lakini nani kaona nyumba iliyoungua ikapona kwa kuchomwa tena?

Askofu alikitazama kikombe. Daktari alikuwa amemweleza yote hayo, kwamba ndiyo, ni sumu, ila kwa kipimo huua minyoo ikamwacha mbwa. Askofu ndiye aliyetikisa kichwa kukubali. Ndiye aliyemshika Taso mgongo ulipokuwa unachomwa, na Taso akalia mara moja, kisha akageuka kumlamba mkono uleule uliomshikilia. Tangu siku ile mkono huo haujui ukae wapi.

— Nyamaza, Redio, akasema polepole.

— Nasema tu kwamba…

— Nimesema nyamaza!

Redio akajificha ndani ya kikombe chake. Kwenye kona ya kanisa ikatokea kofia ya majani, chini yake fimbo, na kati ya vitu hivyo viwili hasira. Ni Mjomba Teofil, mganga wa maombi. Hutibu chunjua, vichwa vilivyopigwa na jua, na watoto wanaokojoa kitandani. Anaweka mkono, ananong'ona maneno aliyorithishwa na nyanya yake, basi. Masharti ni mawili, na kila mtu kwenye bayu anayajua kabla hajajua kuhesabu: mganga halipwi, na mganga hashukuriwi. Ukisema asante, tiba imekufa.

— Askofu! Mjomba alianza akiwa bado barabarani. Jana usiku, nikitoka mlangoni kwako, uliniambia nini?

— Nilikuambia usiku mwema, Mjomba.

— Kabla ya hapo!

Askofu akafikiri.

— Nilisema… asante.

Benchi zima likapiga ukelele. Injinia akavua kofia. Verna, ambaye chunjua yake ilipona kwa mkono wa Mjomba na hajawahi kumshukuru kwa muda wote huo mpaka watu wakamwita hana adabu, akaweka birika chini.

— Umemuua mbwa, Redio akanong'ona.

— Nilishukuru kwa gumbo! Askofu akapaza sauti. Mjomba uliniletea sufuria la mchuzi wa gumbo! Mtu akikuletea chakula usimshukuru?

— Uliitaja gumbo?

— Nilikuwa nimeishika mkononi!

— Lakini hukuitaja, Injinia akasema kwa huzuni. Asante ilitoka tupu, bila anwani. Hiyo inaingia kwenye bomba lililo karibu. Mjomba alikuwa karibu kuliko sufuria?

— Walikuwa pamoja.

— Basi imegawanyika. Nusu gumbo, nusu maombi.

— Asante haigawanyiki! Mjomba akagonga fimbo. Hata padri hawezi kuigawa! Ndo maana nimeshindwa kukaa, nimeona nije tuyamalize mbele ya mashahidi. Nilimwombea yule mbwa jioni nzima, kwa sauti ya juu, kizimba kizima kinatetemeka, halafu mtu mmoja anakuja na adabu zake!

— Irudishwe, Redio akapendekeza. Amtukane. Tusi moja zuri linafuta asante moja.

— Simtukani Mjomba wangu.

— Kwa ajili ya mbwa?

Askofu alimtazama mzee wa watu, ndevu nyeupe, fimbo mkononi. Akafungua mdomo. Na kwa kweli, ndugu msikilizaji, tusi lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Wakati wote huo kulikuwa na dada mmoja mgeni pale pembeni, dereva wa gari la barafu, ndiyo mara yake ya kwanza kuleta mzigo njia hii. Alikuwa anapanga mifuko ya barafu ndani ya sanduku la Verna, masikio yote yako benchini. Akafunga kifuniko, akajipangusa mikono kwenye suruali.

— Samahani wazee wangu. Huyo mbwa sasa hivi yuko na nani?

Redio akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mjomba Teofil. Mjomba akamtazama Askofu, akakuta anatazamwa, akashusha macho kwenye ncha ya fimbo.

— Nilimwachia Mtakatifu Roko, akasema kwa sauti ndogo. Ndiye msimamizi wa mbwa.

Askofu alikuwa ameshaondoka. Goti halikuulizwa. Alivuka barabara bila kutazama huku wala huku, akapita uwanja wa kanisa, nyuma yake msafara: Injinia anahema kama pampu mbovu, Redio ameshika suruali, Mjomba fimbo begani. Watu watatu kati ya hao wanne walikuwa wamekatazwa na madaktari wao wasikimbie.

Jikoni palikuwa kimya. Kimya cha kweli, kile ambacho Askofu hakuwa amekisikia humo tangu zamu zianze. Taso alikuwa amelala ubavu ndani ya kizimba, miguu imenyooka, ulimi umechungulia.

— Taso?

Hakuna kitu.

Askofu akapiga goti, lile lile bovu, akapitisha vidole kati ya nyaya, akaviweka ubavuni. Ubavu ukapanda. Ukakaa. Ukashuka. Ukapanda tena, taratibu, bila haraka, kama mashua iliyofungwa vizuri. Alikuwa amelala. Fofofo. Usingizi ambao mbwa huyu hakuwa ameupata hata siku moja mbele ya walinzi wake.

Kisha jicho jeupe likafunguka. Likamwona Askofu, likaziona kofia tatu mlangoni, na mkia ukaanza: pu, pu, pu, kwenye sakafu ya kizimba. Ubavu ukaanza kwenda mbio. Kikohozi kikaja.

— Anatufurahia, Redio akanong'ona.

— Tokeni, Askofu akasema.

— Tukae kidogo tumtulize…

— Dudley. Tokeni wote.

Wakatoka kinyumenyume, kwa ncha za vidole, kama watu waliotoka kuungama dhambi kubwa. Mkia haukuacha. Askofu akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma kuliko sindano. Akainuka. Akarudi nyuma hatua moja, mkia ukapunguza. Akarudi nyingine; ukapiga mara moja tu. Akafika kizingitini, akalitazama godoro lake lililotandikwa kando ya kizimba, akalishika ncha, akaliburuta polepole mpaka barazani.

Akafunga mlango, akaegemeza sikio kwenye mbao. Kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Wenzake walikuwa wamejipanga kwenye ngazi, wanamtazama yeye na godoro lake huko nje.

— Na mvua ikinyesha? Injinia akauliza kwa mnong'ono.

— Sogea, akasema Askofu, nitandike.