Soda ya Waliookoka

Bwana asifiwe, wapendwa wa kanisa letu la hapa mlimani Rebero! Mimi ni Mama Divine, muuza vitenge. Wengi wenu mlinisindikiza kumzika mume wangu, Papa Divine, lakini yaliyomuua sikuwaambia. Leo nitasema, hata nikilia.

Papa Divine alikuwa mzee wa kanisa, pombe hakuigusa tangu ujana. Kila harusi sisi tuliookoka tuliwekwa meza yetu, tukaletewa soda, na chupa ikiisha ikaja nyingine. Tulikunywa kwa kujivuna, tukiwahurumia wale wa bia.

Siku moja tumbo likamsumbua. Daktari akampiga picha, akasema ini limejaa mafuta, kisha akamuuliza anakunywa bia ngapi. Ndugu zangu, mume wangu alirudi amevunjika! Alitaka kumwona daktari mwingine, anayejua zaidi mambo ya ini. Mimi nikamzuia. Nilimwambia, "Na huyo atakuuliza bia. Watu wakisikia, watasema mzee anakunywaga kwa siri. Tuombe tu."

Akanisikiliza. Tuliomba miaka mitatu, na soda hatukuacha. Tumbo lilipojaa maji tulikuwa tumechelewa. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Kwetu aliyeficha ni mimi, na aliyekufa ni yeye.

Mwaka jana picha yangu ikaonyesha mafuta yale yale. Karatasi ya majibu nikaificha ndani ya Biblia. Binti yetu Divine akaikuta. Hakunigombeza, alisema tu, "Mama, Papa ulimwambia asiende. Na mimi nikuambie hivyo?"

Nililia, ndugu zangu! Kesho yake nikaenda kwa daktari wa pili. Huyu aliuliza chakula, uzito, na kila ninachokunywa. Akasema, "Mama, ini inapata mafuta hata bila pombe, hata kwa sukari ya soda. Yako imeonekana mapema, inaweza kupona." Nikamuuliza kama ya mume wangu nayo ingepona. Akasema, pengine.

Neno hilo ninalala nalo kila siku. Lakini namshukuru Mungu, amenifungua kifungo cha aibu. Harusini naomba maji, mlima huu naupanda kwa miguu, na mafuta yanapungua. Wewe uliyeficha karatasi nyumbani, mtumaini Bwana, kisha nenda ukaulize tena. Ukiogopa kwenda peke yako, nitakusindikiza. Yule niliyepaswa kumsindikiza, nilimfungia mlango.