Jina Moja la Chumba cha Uani

Benchi la kijiwe kile ni pana kupita kiasi, limelazwa juu ya matofali mbele ya nyumba ya kupanga, na ukilikalia vibaya kitasa kinakuchoma paja. Wenyewe wamezoea. Benchi la zamani lilipovunjika walikwenda uani, wakang'oa mlango wa chumba kilichohamwa, wakaulaza, wakaendelea na kahawa. Mwenye nyumba anaishi mbali, hana habari. Asubuhi moja alipiga simu kwamba chumba apewe mwenye shida kuliko wote mtaani, na kijiwe kimpe jina moja kabla ya jioni. Weee, hapo ndipo palipochimbika.

Pazia, fundi cherehani, alikuwa akikiota chumba kile. Jina la utani kalipata kihalali: anaishi chumba kimoja na mke, watoto na mama mkwe, na kinachomtenga na mama mkwe ni pazia alilolishona mwenyewe. Mama mkwe akigeuka kitandani, Pazia anaomba radhi. Na mkewe wanagombana kwa ishara, wanapatana kwa ishara.

— Shida yangu mnaijua, alisema. Mpeni jina langu tumalize.

Kinyozi akaguna. Huyo ni kapera asiye na haya, yeye na wenzake wanne wana kitanda kimoja wanachokilalia kwa zamu. Akadai kapera ndiye mwenye shida ya kweli, maana Pazia angalau ana mtu wa kumlaumu.

— Halafu wahenga walishasema, haba na haba hujaza kibaba. Nyinyi kubananeni tu, ndiyo baraka.

— Hicho kitanda chenu kinapoa saa ngapi? Pazia aliuliza.

— Hakipoi. Ndiyo raha yake.

Karani mstaafu, mwenye vyumba vinne peke yake tangu afiwe na mke na watoto watawanyike, naye akajitaja. Wakamcheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee akashikilia kwamba nyumba inamshinda kufagia, na akikohoa sebuleni, stoo inamjibu.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, alisema.

— Basi hama, tuingie sisi, alisema Pazia.

— Na vyombo vya marehemu nivipeleke wapi?

Hapo mzee hakuwa na utani.

Kinyozi ndiye aliyeurudisha utani, kwa wazo la kichaa. Karani amuoe mama mkwe wa Pazia. Vyumba vinne vipate mama, Pazia apate nafasi ya kugombana kwa sauti, na chumba cha uani abaki nacho yeye Kinyozi, kwa kazi ya ushenga. Pazia alilipenda wazo hilo hata akaanza kumpima Karani mabega kwa macho, kwa ajili ya suti ya harusi. Karani akauliza kama bibi harusi anakoroma. Pazia akaapa hakoromi, na hapo alidanganya waziwazi.

Wakiwa kwenye mahari, akatokea mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, bikizee kamshika mkono.

— Shikamooni wazee. Mwenye nyumba kaniambia nije nikione chumba cha uani, ila nyinyi ndio wa kuamua. Nimekiona, kizuri. Sasa mlango wake uko wapi?

Kila mtu akainamia kikombe chake.

— Nyumba njema si mlango, dada yangu, alisema Kinyozi.

— Ni kweli, kaka. Ila mlango uko wapi?

Pazia, ili kubadili mada, akamuuliza wanaishi wapi kwa sasa.

— Chumba kimoja, sisi na watoto na mama mkwe wangu huyu. Tumetundika shuka katikati.

Pazia akamtazama bikizee. Siku nyingine yoyote wangekuwa wameshagombania kumpisha, mtu mzima wa umri ule. Leo hakuna aliyethubutu kunyanyua hata tako moja, na bikizee alikuwa amesimama, miguu imevimba, anawatabasamia kwa adabu. Roho ilimuuma Pazia. Alikiona chumba kinamponyoka, na aliisikia tayari ile mikoromo ya usiku.

Akainuka, kitasa kikaonekana.

— Keti upumzike, mama, alisema. Ukishapumzika, tutaubeba mlango huu tukaufunge chumbani kwenu.