Miguu Miwili Mchangani: Mwalimu Mwanvua Kassimu Akabidhi Filimbi

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Mwanvua Kassimu atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne ya utumishi, yote katika shule moja, hii yetu ya Sekondari Mwambao. Siku hiyo atarudisha funguo za ofisi ya makamu mkuu wa shule, atarudisha ramani ya Ziwa Tanganyika ambayo hakuwahi kumwazima mtu, na atarudisha filimbi. Funguo na ramani zimeshapata wenyewe. Filimbi ndiyo inayoninyima raha, na sababu yake nitaieleza mbele.

Niseme mapema kwamba kamati ya sherehe imenionea kunipa kazi hii. Mimi, Dismasi Bukuru, nimekuwa kocha wa timu ya shule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hakuna binadamu aliyeikatalia timu yangu pointi nyingi kuliko huyu mama. Nilipowaambia wanakamati kwamba sitaweza kumwandika bila kinyongo, walinijibu kwamba ndiyo maana wamenichagua mimi. Haya, basi.

Mwalimu Mwanvua ni mzaliwa wa Kasingirima, mtoto wa watu wa Ujiji waliozoea biashara na maneno machache. Alikuja kwetu mwaka 1991 akiwa msichana mwembamba mwenye cheti kipya cha ualimu, akapangiwa somo la Jiografia na bweni la wasichana. Wanafunzi wa kwanza walidhani watamzoea. Wiki haikuisha, wakawa wanasimama wakisikia tu ndara zake kwenye kibaraza. Lakini wasichana hao hao ndio wanaokumbuka kwamba ukiugua, uji ulikuja na Mwalimu mwenyewe, na hakuondoka mpaka kikombe kiwe kitupu.

Mambo yalibadilika mwaka 1994, alipokuja Mwalimu Keli, binti wa Kimarekani wa kujitolea, kutufundishia Hisabati. Ndani ya begi lake alikuwa na mpira wenye umbo la yai. Vijana wetu waliupiga teke, ukaenda kulia. Wakaupiga tena, ukarudi ulikotoka. Shule nzima ilicheka hadi kengele ya kipindi ikapuuzwa. Keli akaeleza kwa subira kwamba kwao huo ni mpira wa mikono: unarushwa, unadakwa, unakimbizwa mpaka sehemu ya mwisho ya uwanja wa wapinzani, na hapo ndipo mnapopata tachidauni. Mwamuzi huinua mikono yote miwili juu, na watu hushangilia. Sisi tukaliita neno hilo tachi, mchezo tukauita mpira wa yai, na ile sehemu ya mwisho tukaiita uani.

Mkuu wa shule wa wakati huo aliposikia kwamba kwao wachezaji huangushana chini, alikataa katakata. Alisema wazazi wamemkabidhi watoto wazima na atawarudisha wazima. Ndipo Mwalimu Mwanvua akaleta wazo la vipande vya kitenge: kila mchezaji achomeke kipande kiunoni, na akichomolewa kipande, mbio zake zimeishia hapo. Chokaa ya kuchorea uwanja haikuwepo. Wakachimba mistari mitatu kwa jembe kwenye mchanga ulio chini ya shule, na upande wa nne, nyuma ya mstari wa kuingilia uani, wakaliachia ziwa. Mpaka wetu wa nyuma ni maji. Ukikanyaga mchanga, uko ndani; ukikanyaga maji, umetoka.

Sasa nieleze sheria, maana bila sheria hiyo hamtamwelewa mama huyu. Anayekimbia na mpira mkononi akigusisha hata ncha yake kwenye mstari wa uani, ni tachi, imekwisha. Lakini anayedaka mpira akiwa uani ana masharti matatu. Aushike barabara, miguu yake iguse ndani ya mpaka, na akianguka aanguke nao na kuinuka nao. Moja likikosekana, hakuna kitu. Keli alisema kwao watoto wa shule husamehewa wakigusa mguu mmoja, na wanaotakiwa miwili ni wale wakubwa wanaolipwa. Mwalimu Mwanvua akasema watoto wa Kigoma nao wana miguu miwili, kwa hiyo itakuwa miwili.

Wanafunzi walilalamika sana. Waliona ni uonevu, huyu aguse mstari kwa ncha tu na yule adaiwe masharti matatu. Jibu lake nalikumbuka, maana alilirudia kila mwaka kwa kila kidato kipya. Aliyekuja anakimbia, alisema, mpira ni wake tayari. Wewe uliyeko uani unasubiri, lazima kwanza uwe wako. Akawaambia waupokee kama wanavyopokea mtoto mchanga: huwezi kusema umempokea wakati mama yake hajaachia mikono, na huwezi kusema umempokea ukamwangusha. Basi kila aliyeudaka mpira ukamponyoka alipogonga chini, Mwalimu alimwambia neno moja tu, kwamba hujamaliza.

Neno hilo lilitoka uwanjani likaingia darasani. Daftari lenye swali lililorukwa lilirudi na wino mwekundu: hujamaliza. Mwalimu mwenzetu aliyeacha kikombe bila kukiosha aliambiwa hivyo hivyo. Mimi mwenyewe niliambiwa mbele ya mke wangu, harusini kwangu, nilipobakiza ugali kwenye sahani.

Keli aliondoka baada ya miaka miwili, akatuachia mpira, na filimbi akamwachia Mwalimu Mwanvua. Mpira ule ulishonwa na kushonwa tena na fundi viatu wa Mwanga, hapa mjini, mpaka ukawa unafanana na kiatu. Filimbi ni ile ile. Kila Juni, shule rafiki ya Mwamgongo ilishuka kwa boti kucheza nasi, na haikuja mikono mitupu. Dagaa wao tulikuwa tukiwala hadi Julai. Upande wetu ulikuwa ugali wa muhogo na samaki wa migebuka walioungwa kwa mawese. Mwalimu wao ni Gasper, mtu mrefu, mpole wa sauti, mbishi wa moyo. Mwamuzi mwingine aliyejua sheria hakuwepo, kwa hiyo ilibidi wamkubali wa kwetu. Lakini Gasper hakukubali kijinga. Mpira ukidakwa karibu na maji, Mwalimu Mwanvua alikimbia kuziwahi nyayo kabla wimbi halijazifuta, na Gasper alikimbia ubavuni mwake. Mngewaona wawili wale wameinama mchangani, mngedhani wanatafuta hereni iliyodondoka. Nyayo mbili zikiwepo, mikono juu. Ikiwepo moja, tunaendelea na mchezo.

Mwaka 2006 ndio mwaka ambao shule hii nusura imsuse. Mshambuliaji wangu alikuwa Nuhu, mwanawe wa kumzaa. Dakika za mwisho tuko sare, Nuhu akaruka pembeni, akadaka, akatua kwa miguu miwili iliyoonekana vizuri kabisa, halafu akaanguka. Alipogonga chini, mpira ukapiga mchanga na kucheza kifuani mwake. Kidogo tu. Mimi sikuona, Gasper hakuona, na Mwamgongo walikuwa wameshaanza kuinamisha vichwa. Mama yake aliona. Akamwambia hujamaliza, na kwenye mrusho uliofuata Mwamgongo wakatufunga.

Nilimnunia mwezi mzima, sitaficha. Nuhu alikula chakula cha mama yake bila kusema naye, na mama huyo aliendelea kukipakua. Kilichovunja ukimya ni Nuhu mwenyewe, alipomwambia siku moja, wakiwa wanamenya muhogo, kwamba ni kweli mpira ulicheza, yeye aliusikia. Leo Nuhu ni fundi cherehani Mwanga, na vipande vyote vya kitenge tunavyochezea hushonwa na yeye bure.

Kisha ziwa likapanda. Wote mnakumbuka jinsi maji yalivyokuja, yakala banda letu la mitumbwi, yakala uwanja, yakakaa. Miaka kadhaa hatukucheza. Nilimkuta Mwalimu Mwanvua mara nyingi amesimama pale kwenye ukingo, mikono nyuma, anatazama mahali palipokuwa uani. Tulipopata tena ukanda mwembamba wa mchanga, yeye ndiye wa kwanza kushuka na jembe.

Ndiyo tunafika Jumamosi ya tarehe 7 Juni mwaka huu, mechi yake ya mwisho. Mambo mawili yalikuwa yanawasha watu. La kwanza, Gasper alikuwa ametuma salamu kwamba Mwamgongo hawana uhakika kama watakuja tena, kwa kuwa hawajui mwamuzi atakayefuata ni wa namna gani. Walimwamini Mwanvua, hawakuiamini Mwambao. La pili, wanafunzi wetu walitaka kumuaga kwa ushindi, na wengine walithubutu kumwambia kwamba safari hii awape zawadi ndogo tu uwanjani. Akawajibu kwamba zawadi zinauzwa sokoni Mwanga.

Tulikuwa sare, tachi mbili kwa mbili, ukabaki mrusho mmoja. Erasto wa kidato cha nne akarusha mpira juu sana, ukaelekea pembe ya maji. Ikram, binti wa kidato cha tatu ambaye kimo chake hakikutishi, akawapita mabeki wawili, akaruka, akadaka. Akatua. Papo hapo likaja wimbi zito, yeye na mpira wakazama humo. Alipoibuka, hijabu imemganda usoni, mpira ulikuwa kifuani kwa mikono yote miwili. Wimbi likarudi ziwani. Mchanga ukabaki laini kabisa, hakuna unyayo hata wa ndege.

Mwalimu Mwanvua, pamoja na goti lake bovu la siku hizi, alikuwa ameshafika, macho hajayabandua kwa Ikram tangu aruke, maji yakimgonga vifundoni. Gasper akafika. Akainama kama alivyozoea, na hakukuwa na cha kuangalia.

Ndugu zangu, umati mzima ulisogea hadi kwenye maji. Kila mtu alijua hii ni mechi yake ya mwisho, na kwamba ushahidi umekwenda na maji. Na mimi nilijua zaidi. Kukataa kungekuwa rahisi. Angekataa, jina lake lingebaki safi kama lilivyo, Mwamgongo wangemsifu mpaka nyumbani, na sisi tungenuna kidogo tu kwa mazoea. Angekubali, kila mwenye shaka angesema bibi kazeeka, kawapa wake zawadi ya kuagana. Miaka yote hiyo ya kutotupendelea ingeliwa na mrusho mmoja. Nilishageuka kuchukua ndoo ya maji ya kunywa, kwa sababu niliamini atakataa.

Alimwomba Ikram amwonyeshe mpira. Akautazama, akamtazama binti, akainua mikono miwili.

Upande wetu hakuna aliyeshangilia. Wote tulimtazama Gasper. Yule mtu mrefu alikuwa bado ameinama, maji yakimpita katikati ya vidole. Akajinyoosha polepole, akafuta mikono kwenye suruali, kisha naye akaiinua yote miwili, juu kabisa, hata vijana wake waliokuwa mbali waione. Hapo ndipo kelele zilipopasuka, na Mwamgongo walishangilia pamoja nasi.

Tulipokuwa tunakula nilimvuta Gasper pembeni, nikamuuliza kama aliziona nyayo. Akasema hakuona chochote, alikuwa amezibwa na migongo. Akaniambia kwamba tangu aanze kuja hapa amekimbilia nyayo pamoja na mama yule, na kila mara amezikuta pale pale alipoambiwa zipo. Siku moja zikifutika, kwa nini aanze kumdai ushahidi? Nililia, nikasingizia moshi wa jiko.

Kuhusu filimbi, Mwalimu Mwanvua ametangaza kikaoni kwamba mrithi ni mimi. Alieleza kwamba mtu aliyelalamikia sheria moja kwa miaka yote hii bila shaka anaijua yote. Nitaacha ukocha. Gasper amekubali kwamba Mwamgongo watakuja Juni ijayo, ila ameniahidi kwamba kwangu anaanza upya: kila unyayo ataukagua mwenyewe. Ndicho kinachoninyima raha, na sina haki ya kulalamika.

Mwalimu anarudi Kasingirima, kwenye michikichi yake michache na mjukuu wake, mtoto wa Nuhu, anayejifunza kusimama. Tunamshukuru kwa wasichana alioketi nao mpaka kikombe kikawa kitupu, kwa ramani aliyotufundishia bila kutuazima, na kwa kila pointi aliyotunyima. Dada Mwanvua, Mungu akupe afya, goti lipone, na siku zako ziwe nyepesi. Ulipokea kazi hii kama mtoto mchanga, miguu yako yote miwili ilikuwa ndani, na leo unainuka nayo mikononi. Tumekungoja miaka mingi tukuambie sisi, wanafunzi na walimu wako: umemaliza.