Mwalimu Nyakati na Simu Isiyopigwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu wa Kiingereza. Watu walimwita Nyakati, kwa sababu alifundisha nyakati za vitenzi tu, basi. Nyakati za vitenzi, kwa watu wanaojiandaa na mtihani wa kuingia vyuoni.

Alifundishia katika chumba cha nyuma cha duka la fotokopi. Mashine inanguruma, naye anapaza sauti. Sakafuni alichora mstari wa chaki, toka ukutani hadi mlangoni. Ukutani ni zamani. Mlangoni ni kesho. Ukitunga sentensi, unasimama mahali pake. Ukikosea, anakusogeza kwa bega. "Umeshakula, au bado unatafuna?" angeuliza. "Amua, bwana! Mtihani haukusubiri." Watu wazima na vitambi vyao walirukaruka humo, na wakafaulu.

Mmoja hakufaulu. Mdogo wake Nyakati wa kike, mshonaji, aliyetaka kusomea uuguzi. Alianguka mara mbili, na chuo kikasema ya tatu ndiyo ya mwisho.

Kisha Nyakati akalazwa, figo. Masomo yakahamia wodini. Pale hapakuwa na mstari, ikabidi atumie maisha yao wenyewe.

"Mama alipoingia jikoni, tulikuwa tunafanya nini?"

"Tulikuwa tunaiba sukari."

"Na baba alipofika?"

"Mama alikuwa ameshatuchapa."

"Haya, yaseme yote kwa Kiingereza."

Mshonaji anasema mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mbavu.

Nyakati alifariki asubuhi ya mtihani. Narudia, asubuhi ileile ya mtihani. Mdogo wake alikuwa kwenye foleni, nje ya ukumbi. Mke wa marehemu alikuwa na simu mkononi. Hakupiga.

Mshonaji alitoka ukumbini akiwa na furaha zake, akaenda moja kwa moja wodini kumweleza kaka. Akakuta kitanda kimetandikwa upya.

"Mmeniacha nijibu maswali, kaka yangu yuko mochwari?" alimwambia wifi yake mbele ya watu. Tangu mazishi hajakanyaga nyumba ya wifi yake.

Matokeo yametoka wiki hii. Amefaulu.

Jana mjane alikuja hapa studio. Alisema, "Mume wangu alinishika mkono akaniapisha. Likitokea la kutokea, mdogo wake amalize mtihani kwanza. Nikaapa. Wifi, ninunie mimi. Yeye usimnunie."

Tunaipa pole familia nzima. Nanyi wasikilizaji, jiulizeni: simu ingekuwa mkononi mwenu, mngepiga? Mimi swali hilo nimelala nalo.

Mshonaji, kama unatusikia, wifi yako anaomba akusindikize siku ya kwanza ya chuo. Ukikataa, amesema, atakuja hivyohivyo. Atasimama ng'ambo ya barabara mpaka uingie getini.