Debe la Kumtazamia Tembo

Nikutegee, mjukuu wangu: ana mkia mbele, ana mkia nyuma, ni nani? Fikiri huku nakusimulia.

Mwaka ule wanakijiji wa vijiji vya ujamaa walipopelekwa kutembelea mbuga ya Mikumi, Mwanakheri wa Kilosa alikuwa hajamwona tembo maishani, na nyumbani ameshajigamba kuwa atarudi amemwona. Mikumi mjini akapanda basi lao mkulima wa Ruhembe, Filomena, akaketi karibu yake kapakata debe tupu.

“Dada, debe la nini? Mbugani tunakwenda kuteka maji?”

“Tulia, shoga. Wewe umebeba nini?”

“Macho yangu.”

“Basi yatunze.”

Mara dereva akasimamisha basi. Tembo watatu walikuwa kando ya barabara, wanakula majani yao kwa raha. Mwanakheri ndiyo kwanza ananyanyuka kitini, Filomena akalitoa debe dirishani akaligonga pa pa pa, na yowe juu. Tembo wakatimua vumbi. Mwanakheri aliambulia mkia mmoja tu, ule wa nyuma.

“Filomena,” akasema polepole, “nilikuuliza mapema. Debe la nini?”

Filomena akalifunika kwa kanga, macho chini. “Kwetu shambani, dada, tembo anafukuzwa kwanza. Kumtazama hatujawahi kupata nafasi.”