Alama Mbili za Unadhifu

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mlioacha kazi zenu mkaja kumsindikiza dada yetu, familia imemtuma mdogo wake wa kiume, mwalimu wa Kiingereza ambaye wengi wenu mnamwita Kalamu Nyekundu, awasomee maisha ya marehemu, na haikumtuma kwa sababu ana sauti nzuri, bali kwa sababu binti wa marehemu alimwambia mbele ya kikao cha familia, "Mjomba, utasoma wewe, na utasoma yote, la sivyo hatusomi kitu," na mjomba hakuwa na pa kukimbilia. Kwa hiyo mvumilie, karatasi hii ni ndefu kuliko mlivyozoea, na mahali pengine haimpendezi anayeisoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mlinzi wa ghala na mama mshona magunia, na miaka minne baadaye akazaliwa huyo mdogo wake, ambaye alimbeba mgongoni kutwa nzima hadi majirani wakawa wanamtania kwamba amepata mtoto kabla ya kumaliza kung'oka meno ya utoto. Herufi za kwanza walifundishwa wote wawili na mama yao, kwa kipande cha mkaa, nyuma ya mlango wa jikoni, na kwa kuwa mama aliandika herufi ya g na mkia uliogeukia kulia badala ya kushoto, wanawe nao wakaandika hivyo hivyo, mmoja akachapwa shuleni mpaka akaacha, mwingine akachapwa vilevile na hakuacha.

Alianza shule ya msingi Januari 1969 na kumaliza darasa la saba Novemba 1975, akiwa wa tatu kati ya wanafunzi arobaini na wanne, na wote waliomfundisha walitegemea kumwona akiendelea, lakini Desemba hiyohiyo mama yao alipofuka macho, ikabidi mtoto mmoja abaki nyumbani, na hakuna aliyeuliza ni yupi, maana jibu lilikuwa tayari limeshika ufagio. Mdogo wake aliendelea mbele, akafika chuo cha ualimu, akatoka huko mwaka 1988 na cheti cha kufundisha Kiingereza, na siku aliporudi na suti yake ya kuazima, dada yake aliipiga pasi suti hiyo mara mbili ili apige nayo picha.

Tarehe 1 Machi 1984 marehemu aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali ya wilaya, chumba kirefu chenye mapipa manne ya kuchemshia, sakafu isiyokauka, madirisha matatu ambayo mawili yalikuwa yamegoma kufunguka tangu yalipopakwa rangi, na harufu ya klorini iliyomwingia mtu kooni kabla hajavuka mlango, na humo akafanya kazi miaka thelathini na miwili, akaheshimika, akaitwa Mama Mashuka na madaktari, wagonjwa na hata walinzi wa getini. Tarehe 7 Juni 1986 aliolewa na fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi na moyo safi, wakajaliwa watoto watatu, wa kike aliyezaliwa 1987, na wa kiume wawili, wa 1990 na wa 1994, na tarehe 22 Agosti 1999 fundi akaugua homa siku tano tu akafariki, akamwachia mkewe watoto, baiskeli mbili zisizo na magurudumu, na mzaha mwingi ambao mjane aliendelea kuurudia kana kwamba ni wake.

Sasa tunafika mahali ambapo historia za marehemu kwa kawaida huruka kwenda kwenye ugonjwa, lakini yetu haiwezi kuruka, maana ugonjwa umeanzia hapa. Mwaka 2002 marehemu alianza kukohoa, na daktari wa kifua, baada ya kumpiga picha, alimwambia wazi kwamba mapafu yake hayawezi kugombana na klorini hadi uzeeni, atafute kazi nyingine mumo humo hospitalini, na kazi pekee ambayo mfua nguo angeweza kupandishwa ilikuwa ya karani wa mapokezi, mezani, karibu na dirisha linalofunguka, ila majalada ya wagonjwa yalijazwa kwa Kiingereza, kwa hiyo karani alitakiwa awe na cheti cha mtihani wa Kiingereza cha mwanzo, basi.

Alikwenda kwanza kwa mdogo wake. Alikwenda na daftari jipya lililofunikwa kwa gazeti, akakaa kwenye kibaraza ambapo watoto wa wenye maduka walikuwa wakifundishwa tuisheni, akasubiri hadi wakaondoka, kisha akasema, "Mdogo wangu, nami nifundishe hayo ma-a, ma-an na ma-the yako, nitakuwa nakuja nikitoka kazini," na mdogo wake, ambaye kila mtoto wa mtaa huu anaweza kuwaeleza jinsi alivyokuwa mvumilivu kwa watoto wa watu, alicheka, akamjibu, "Dada, kichwa cha miaka arobaini ni saruji iliyokwisha kukauka, ukiandika juu yake unavunja kijiti bure." Marehemu naye alicheka, kwa sababu alikuwa mwepesi wa kucheka, akachukua daftari lake akaenda, na Februari 2003 akajiandikisha darasa la watu wazima katika shule ileile ya msingi aliyosoma, akakaa kwenye kiti cha mtoto wa miaka minane, magoti yakigonga meza, akaanza upya.

Wenzake wa chumba cha kufulia, ambao wako hapa nasi, wanaweza kushuhudia kwamba alikunja mashuka kwa vitenzi, shuka la kwanza wakati uliopo, la pili uliopita, la tatu ujao, kwamba alibandika ukutani juu ya pipa la mwisho orodha ya vitenzi vikaidi ambavyo havikubali kufuata wenzao, na mvuke ulipoibandua akaiandika tena, na kwamba ile s inayobandikwa mwishoni mwa kitenzi mtendaji anapokuwa mmoja ilimsumbua mwaka mzima mpaka mwenzake mmoja akamwambia, "Mama Mashuka, hiyo s ni kama pini ya kuanikia, nguo moja usipoibana inaruka," na tangu siku hiyo hakuikosea tena. Mtihani wa kwanza, Novemba 2004, alipata alama thelathini na nane, na wa pili, Novemba 2005, arobaini na nne, wakati kufaulu ni hamsini. Mwaka 2006 hakufanya, kifua kilimlaza. Wa tatu alifanya tarehe 20 Novemba 2007, na ulikuwa wa mwisho, kwa sababu hospitali ilikuwa imebandika tangazo kwamba nafasi ya mapokezi ingejazwa Januari kwa mfanyakazi mwenye cheti na ambaye hajafikisha miaka arobaini na saba, naye angeifikisha mwezi wa Mei. Mdogo wake hakujua habari za tangazo hilo, na hakujua kwa sababu hakuwahi kuuliza.

Karatasi za mtihani ule zilisahihishwa Desemba, katika ukumbi wa chuo, wasahihishaji sita kila meza, na kwa kuwa karatasi hazina majina ila namba, kulikuwa na utaratibu mmoja ambao kila mwalimu aliusaini siku ya kwanza, kwamba ukitambua mwandiko wa ndugu yako unanyanyua mkono, unampa mkuu wa meza, naye anaipeleka meza nyingine. Ni jambo jepesi, mwalimu mmoja wa meza hiyohiyo alinyanyua mkono mara mbili kwa siku moja, wenzake wakamtania, "Wewe, ukoo wenu mzima umekuja kufanya mtihani?" naye akacheka, maisha yakaendelea. Tarehe 11 Desemba 2007, baada ya chai ya asubuhi, karatasi namba 0417 ilifika mbele ya Kalamu Nyekundu, na mkia wa herufi ya g ulikuwa umegeukia kulia.

Insha ilitaka sentensi kumi kuhusu kazi, na mwandishi alieleza kwamba hufua mashuka mia mbili kwa siku, kwamba ya wodi ya wazazi ndiyo mazito kuliko yote, kwamba siku moja alikuta pete ndani ya foronya akairudisha kwa mwenyewe, na kwamba mwakani atakaa karibu na dirisha na kuandika majina ya watu, na vitenzi vyote vilikuwa mahali pake. Msahihishaji hakunyanyua mkono. Angewaambia hapa kwamba alisahau utaratibu, lakini aliukumbuka neno kwa neno, ila aliona haya, aliona haya kwamba wenzake watano watajua kuwa dada wa mwalimu wa sekondari anayewasahihishia wengine yuko kwenye mtihani wa mwanzo na watoto na wapishi, kwa hiyo aliinamisha kichwa akaisahihisha mwenyewe, na ili asije akajiambia kwamba ameipendelea damu yake, akawa mkali kuliko alivyokuwa kwa mtu yeyote wiki ile. Sarufi na insha zilimpa arobaini na saba, na hapo hakuna aliyeonewa. Zilibaki alama tano za unadhifu, ambazo kila msahihishaji hugawa kwa macho yake tu, na yeye alikuwa akizigawa nne nne bila kufikiri, hata kwa karatasi zenye mafuta ya maandazi, lakini kwenye 0417 palikuwa na doa moja la maji, dogo, halizidi ukucha, akampa mbili. Jumla ikawa arobaini na tisa, akaihesabu mara ya pili, ikawa ileile, akafungua karatasi iliyofuata.

Januari marehemu alikwenda kwa mdogo wake na karatasi ya matokeo, hakuwa analia, alikuwa amechoka tu, akasema, "Moja tu, mdogo wangu. Moja imeniponyoka wapi?" na mdogo wake alimjibu, "Siku nyingine zingatia unadhifu." Ndipo alipoelezwa habari ya tangazo, na ya umri, na kwamba siku nyingine haikuwepo. Rufaa ilikuwa wazi kwa siku thelathini, lakini ilihitaji mtu wa kusema kwa nini alama zihesabiwe upya, na mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, naye alizihesabu siku hizo thelathini zikaisha, akaendelea kufundisha, akaendelea kuitwa mwalimu mwadilifu, mpaka mwaka 2014 akapewa ngao ya uadilifu, ambayo iko nyumbani kwake sebuleni na ambayo dada yake aliisaidia kuitundika.

Nafasi ile alipewa msichana mmoja mpole ambaye hana kosa lolote, na marehemu akarudi kwenye mapipa yake kwa miaka mingine minane, akastaafu mwaka 2016 akiwa hawezi kupanda ngazi sita bila kupumzika, na tarehe 2 Agosti 2019 akalazwa katika hospitali ileile, jina lake likaandikwa kwenye meza ileile karibu na dirisha, akalala juu ya mashuka aliyoyapiga viraka mwenyewe, mapafu yakiwa yamekakamaa, akipumua kwa mashine.

Tarehe 3 Septemba, saa tisa alasiri, mdogo wake alifunga mlango wa chumba, binti wa marehemu akiwa anakunja nguo pembeni, akamweleza mgonjwa yote mliyosikia, bila kuongeza wala kupunguza, na alikuwa amejiandaa kwa matusi, amejiandaa kwa machozi, hata kwa msamaha alikuwa amejiandaa, mtu mbaya hakosi kujipangia msamaha. Marehemu aliondoa kifuniko cha hewa mdomoni, akasema, "Kumbe nilifaulu." Akatabasamu, tena tabasamu la kweli, binti yake ni shahidi, akamgeukia binti akamwambia, "Kaandikeni, basi." Kisha akarudisha kifuniko, akageukia ukutani, na katika siku tisa zilizobaki alizungumza na wanawe, na wauguzi, na mfagizi wa wodi, lakini kwa mdogo wake hakusema neno jingine. Hakusema kwamba amemsamehe, na hakuna mtu atakayemsemea hapa leo. Alifariki tarehe 12 Septemba 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane.

Familia inamshukuru daktari wa kifua, ambaye alisema ukweli mapema, wauguzi wa wodi ya wanawake waliomgeuza na kumwosha kwa upole, mwalimu wa darasa la watu wazima, aliyemfundisha bila kumcheka, majirani mlioleta maji na viti, na wafanyakazi wa chumba cha kufulia, ambao walikataa shuka la dukani na kumfunika kwa shuka walilolifua wao. Haiwashukuru wasahihishaji.

Kwenye karatasi iliyopitishwa na kikao, mahali pa elimu paliandikwa darasa la saba. Binti yake amepafuta, akaandika kwa mkono wake, na mjomba ameagizwa apasome mwisho, kwa sauti, mbele yenu nyote. Elimu ya marehemu: darasa la saba, 1975, Kiingereza cha mwanzo, 2007, alama hamsini na moja, amefaulu. Pumzika kwa amani, dada.